Vumbi Chini ya Mkanju: Tumjue Fukusi Mtoboa Shina, Tumshinde Pamoja



Somo hili tumeliandika kwanza kwa ajili ya vikundi vya Kwale, Kilifi na Lamu, pahali ambapo mkanju (au mkorosho, kama wengine wanavyouita) ni mti wa karo, wa matanga na wa arusi. Lakini hata ninyi wa bara wenye miembe na miparachichi, msiliruke. Namna ya kulichunguza shina la mti ni ile ile.

Tunapendekeza msilisome lote kwa siku moja. Siku ya kwanza someni mpaka mwisho wa sehemu ya 4, kisha inukeni mwende shambani mkatazame. Siku ya pili someni yaliyobaki, mkiwa na panga na patasi karibu.

1. KISA CHA KIKUNDI KILICHOKALIA USHAHIDI

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tulichokuwa tukikitembelea. Mikutano yao ilikuwa kila Alhamisi, chini ya mkanju mkubwa uliopandwa na mzee wa boma lile kabla hajafariki. Kila Alhamisi, kabla ya mkeka kutandikwa, mmoja wao alichukua ufagio akafagia vijichenga vyeusi-vyeusi vilivyokuwa vimeanguka karibu na shina. Tulipouliza ni nini, tuliambiwa, "Ah, ni uchafu wa mti tu." Nasi tukakaa, tukafungua daftari la akiba, tukaendelea na habari za kuku.

Mwaka uliofuata majani ya upande mmoja yakageuka manjano. Msimu wa korosho ulipofika, mama mwenye mti aliokota kidogo sana. Mwaka wa pili mti ulikuwa umekauka ukiwa umesimama. Kijana wa nyumba ile akaukata, akapanga magogo kando ya ua yawe akiba ya kuni. Miezi ikapita. Mara mikanju mitatu ya jirani, iliyokuwa upande wa pili wa ua, nayo ikaanza kutoa utomvu na vumbi.

Basi maneno yakaanza. Jirani alisema miti yake haikuwa na shida kabla ya magogo yale kuwekwa pale, na katika hilo hakukosea. Lakini watu wengine wakaanza kunong'ona kwamba yule mama mjane ana jambo alilolifanya. Huku kwetu mnajua mnong'ono wa namna hiyo unaweza kumfikisha mtu mzee wapi.

Siku moja tukakusanyika wote, mama, jirani na kikundi kizima. Tukachukua gogo moja, tukalibandua gome kwa panga. Ndani tulikuta funza weupe, wanene, wasio na miguu, wengine wangali hai. Yule mama akamweka mmoja kiganjani, akamtazama, akasema, "Kumbe ni wewe."

Sisi wenye kuandika ukurasa huu tuna lawama yetu pia. Tulikalia vumbi lile karibu miaka miwili, na hatukuinama hata mara moja kulitazama. Ndiyo sababu tunawaandikia somo hili.

2. KWA NINI TUSHUGHULIKE NA MKANJU?

Mkanju asili yake si huku. Wareno waliuleta Afrika Mashariki kutoka Brazil katika karne ya 16, nao ukaipenda ardhi yetu ya mchanga pahali ambapo mahindi yanakataa. Kilifi palikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho, kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Bei ilipoanguka, wengi wetu tuliiacha mikanju ijitunze yenyewe. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kupeleka nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini, na tangu hapo watu wameanza tena kuitazama miti yao. Lakini mti ulioachwa miaka mingi bila kupaliliwa wala kukatwa matawi makavu ndio maficho mazuri ya wadudu.

Mkanju mkubwa ni kama ng'ombe wa maziwa. Ukifa leo, hautapata mwingine wa kiasi kile kesho. Mche wa kubebesha huanza kuzaa baada ya miaka 2 au 3, na miaka mingine mingi hupita kabla haujafikia ukubwa wa mti wa babu. Kwa hivyo mti mmoja uliookolewa ni faida kuliko miche mingi iliyopandwa baada ya msiba.

3. MDUDU MWENYEWE NA MAISHA YAKE

Mdudu huyu ni wa jamii ya fukusi. Ni ndugu wa mbali wa wale wadogo wanaoharibu mahindi ghalani, ila yeye ni mkubwa zaidi. Urefu wake ni kama sentimita 2. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na mgongo wake una vinundu-vinundu. Mdomo wake umetokeza mbele kama mkonga mfupi. Akitulia juu ya gome la mkanju, utapita ukidhani ni kipande cha gome. Wataalamu humwita Mecocorynus loripes, na anajulikana Kenya, Tanzania na Msumbiji. Nyinyi mwiteni fukusi wa mkanju, inatosha.

Maisha yake huenda hivi:

Kwanza, jike hutoboa kitundu kidogo kwenye gome la shina au la tawi nene, akataga yai moja humo. Kisha huenda pahali pengine akafanya vivyo hivyo. Hatagi mayai rundo moja kama nzi.

Pili, yai huanguliwa, akatoka funza. Funza huyu ni mweupe, kichwa chake ni cha hudhurungi, na hana miguu. Hutoboa gome, akaanza kula sehemu laini ya mti iliyo chini yake huku akiteremka. Hapo ndipo penye madhara yote. Chini ya gome ndipo chakula cha mti kinapopitia. Funza mmoja hukata njia moja, funza ishirini hukata njia nyingi. Zikikatwa kulizunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa, hata kama mvua imenyesha vizuri.

Tatu, funza akikomaa hujichimbia chumba ndani ya mti, kama sentimita 2 kutoka kwenye gome, akalala humo mpaka ageuke kuwa fukusi mzima. Kisha hutoka nje kwa tundu la mviringo linaloonekana wazi, akaanza tena safari ya kutaga.

Katika hayo tujifunze mambo mawili. La kwanza, karibu maisha yake yote huyapitisha ndani ya mti, ambapo dawa ya kunyunyiza haimfikii. La pili, kazi yake huenda polepole. Hauui mti kwa wiki moja. Anatupa muda wa kumwona, mradi tu tutazame.

4. DALILI ZAKE

Simama karibu na mti, uuzunguke polepole mara mbili. Mara ya kwanza tazama chini, mara ya pili tazama shina kuanzia kwenye udongo mpaka kwenye matawi manene. Tafuta haya:

(a) Vumbi au chenga za rangi ya hudhurungi iliyoiva mpaka nyeusi, chini ya mti au zikiwa zimeshikamana na gome. Hayo ni mavi ya funza yaliyochanganyika na mbao aliyotafuna.

(b) Utomvu unaotoka kwenye gome na kukauka kama gundi. Vumbi na utomvu vikiwa pamoja, hapo hakuna shaka, ndani kuna funza.

(c) Matundu ya mviringo kwenye shina. Hayo ni milango ya waliokwisha kutoka. Ukiyaona, jua kwamba wako wazima karibu, juu ya mti huo au wa jirani.

(d) Gome linalolia tupu ukiligonga kwa mpini wa kisu. Gonga juu, gonga chini, ulinganishe sauti.

(e) Majani kugeuka manjano na matawi kukauka. Hii ndiyo dalili ya mwisho. Anayeingoja hii huwa amechelewa.

Mvua kubwa huosha vumbi. Kwa hivyo baada ya siku za mvua, ngojeni siku chache za jua ndipo mkague. Tena paliliani kuzunguka shina, mfagie pawe safi. Vumbi jipya kwenye udongo safi linaonekana hata na mtoto.

Sasa fungeni karatasi hii, mwende shambani.

5. USIMCHANGANYE NA WENGINE

Mmerudi? Vizuri. Huenda wengine wenu mmeona vitu ambavyo si fukusi. Tuvitenge.

Mchwa hujenga njia za udongo juu ya gome, na mara nyingi hula gome na mbao zilizokwisha kufa. Ukizikwangua njia zile ukakuta gome zima chini yake, mti haujambo. Lakini mchwa hupenda kuufuata mti uliokwisha kuumwa na fukusi, na hapo ndipo watu humshtaki mwizi wa pili na kumwacha wa kwanza.

Yuko mbawakavu mweusi, mrefu kiasi cha sentimita 2 hivi, anayetoboa mkanju, mpera, mwembe, mbuni na miti mingine. Tundu lake ni safi na la mviringo kama lililopigwa kwa keekee, nalo huelekea juu ndani ya tawi au shina. Vumbi lake ni la mbao safi, si jeusi lenye utomvu. Yeye hutoboa akiwa mdudu mzima. Dawa yake ni waya au spoki ya baiskeli: isukume ndani ya tundu mpaka umchome. Huzaliana katika mbao zilizokufa, kwa hivyo ondoeni matawi makavu shambani.

Yuko pia mdudu mwembamba kama mbu, anayefyonza machipukizi. Ncha za matawi machanga hupata madoa meusi, zikakauka kana kwamba zimepitiwa na moto. Huyo hagusi shina. Wale siafu wekundu wa mitini tunaowaita maji moto humpunguza, basi msiwaue hata kama wanawauma wakati wa kuangusha korosho.

Na kuna ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaoharibu maua na majani machanga. Wakulima hutumia salfa kuuzuia. Salfa ni ya ubwiri. Haimdhuru funza aliye ndani ya shina, kwa hivyo usipoteze pesa.

6. KAZI YA MIKONO

Vifaa mnavyohitaji viko nyumbani: panga lenye makali, kisu, patasi na nyundo, ufagio, waya mgumu, na mkebe wenye maji ya sabuni. Utomvu wa mkanju huwasha ngozi za watu wengine, kwa hivyo vaeni nguo za mikono mirefu, mnawe mikono mkimaliza, wala msijipanguse macho.

Hatua ya kwanza: kusanyeni fukusi wazima. Tazameni shina, mapanda ya matawi na nyufa za gome. Mkimwona, mchukueni kwa mkono mkamtie mkebeni. Haumi wala hana sumu. Watoto wana macho makali kuliko sisi, waiteni wasaidie. Ila msiwalipe kwa kila mdudu, wasije wakaanza kuwafuga.

Hatua ya pili: tafuteni funza. Mahali penye vumbi na utomvu, kwangueni uchafu wote kwanza. Kisha ondoeni gome kidogo kidogo kwa kisu au patasi, mkiifuata njia ya funza. Kumbukeni kwamba yeye huteremka. Tundu la vumbi liko juu, mwenyewe yuko chini zaidi. Wengi huchimba pale vumbi linapotoka, wakakosa, wakakata tamaa. Mkiona chumba alichojichimbia, ingizeni ncha ya kisu au waya mmuulie humo.

Hatua ya tatu: tunzeni kidonda. Fuateni urefu wa shina, msikate kwa kulizunguka. Gome likitolewa mviringo mzima, ninyi wenyewe mtakuwa mmefanya kazi ya fukusi, na mti utakufa. Ondoeni lililooza tu, mkaliacha lililo hai. Kingo za kidonda zikatwe laini kwa kisu kikali ili gome lipate kujifunga tena.

Hatua ya nne: fagieni vumbi lote la zamani, mkwangue utomvu wote mkavu. Watu wengi huiruka hatua hii, na kumbe ndiyo inayowaambia mmefaulu au hamkufaulu. Mkirudi mwezi ujao mkakuta vumbi jipya, yuko funza mliyemwacha. Msipoona kitu, mmemaliza pale.

Hatua ya tano: rudini kila mwezi kwa mwaka mzima. Mayai ambayo hamkuyaona leo yatakuwa funza kesho. Siku moja ya kazi, hata mkifanya kwa nguvu namna gani, haitoshi.

Sasa maneno machache juu ya yasiyofaa. Tumewaona watu wakimwaga mafuta ya taa au oili chafu ya gari kwenye matundu. Njia ya funza imejaa vumbi lililoshindiliwa, kwa hivyo mafuta hayafiki alipo, bali huunguza sehemu hai ya mti. Wengine hununua dawa ya kunyunyiza na kuipiga kwenye majani. Mdudu yuko ndani ya shina, majani yana kosa gani? Kabla ya kununua dawa yoyote, mwulizeni afisa wa kilimo wa wadi yenu, au watafiti wa KALRO pale Mtwapa, wanaoshughulika na mimea ya pwani. Nendeni na mdudu mwenyewe katika chupa, msiende na maneno matupu.

7. MTI ULIOZIDIWA

Ikiwa njia za funza zimelizunguka shina na matawi mengi yamekauka, hapo hakuna tena kutibu. Mti ule umekuwa kiwanda cha fukusi, na kila mwezi unaoachwa umesimama unaiambukiza miti mingine. Ukateni. Lakini ni lazima mfuate utaratibu huu:

Kwanza, kabla ya shoka kugusa mti, kusanyeni fukusi wote wazima walio juu yake. Mkiukata bila kufanya hivyo, watahamia mti wa jirani.

Pili, mkishaukata, banduenis gome lote la shina, la matawi manene na la kisiki mpaka kwenye udongo. Waueni funza wote mnaowaona.

Tatu, chomeni moto magome na mbao zenye matundu siku zile zile. Kuni zitakazobaki zitumiwe mapema. Ukitaka kuchoma makaa ya kuuza, uliza kwanza ofisi ya misitu juu ya kibali.

Msipange magogo yenye gome kando ya ua, wala msiyafanye viti vya kukalia kwenye mkutano. Funza huendelea kukua ndani ya gogo lililokatwa, kisha hutoka mzima akatafuta mti ulio hai. Kijana wa kile kisa chetu hakuwa mvivu wala hakuwa na nia mbaya. Alikata mti mgonjwa kama mtu yeyote mwenye akili ambavyo angefanya. Alichokosa ni habari hii moja tu ya kubandua gome.

8. MTI WA NANI?

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Fukusi hana habari na mipaka. Ukisafisha miti yako kumi na jirani akaacha miwili yake, kazi yako itakuwa kuchota maji kwa pakacha. Na huku pwani mambo ya miti yana mafundo yake. Shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na mikanju ikawa ya mwingine. Mti unaweza kuwa umewekwa rehani. Kuna mashamba ambayo mwenyewe yuko mbali na haonekani, na wanaokaa pale wanaogopa kuupiga panga mti wasije wakashtakiwa kwamba wameharibu mali.

Vikundi vilivyofaulu tumeona vikifanya hivi:

Huenda kwa mwenye mti kabla ya kwenda kwenye mti. Wazee wawili na kijana mmoja, kwa salamu na heshima, wakiwa na funza ndani ya chupa. Mtu akimwona mdudu kwa macho yake, hoja nusu zimekwisha.

Hutofautisha kutibu na kukata. Kutoa funza kwenye mti wa mtu asiyekuwapo, mbele ya mzee wa kijiji, ni jambo ambalo wengi hukubali. Kukata ni jambo jingine. Usikate mti wa mtu bila ruhusa yake. Kama hapatikani, mfikisheni kwa mzee wa kijiji na chifu, iandikwe, na katika muda huo endeleeni kukusanya fukusi wazima kwenye mti huo.

Haviwaachi wasiojiweza. Mjane, mzee au mgonjwa mwenye mikanju hawezi kupanda na patasi. Kikundi kianze na miti yake, si kwa kumhurumia tu, bali kwa sababu mti usio na mtu wa kuutunza ndio unaowalea fukusi watakaokuja kwa kila mmoja wetu.

Na mti ukikatwa kwa faida ya wote, wote wachangie hasara. Mwenye mti anapoteza mapato ya leo ili miti ya majirani ipone. Si haki aubebe mzigo huo peke yake. Kikundi kimpe miche miwili au mitatu ya kubebesha, na zamu za kumwagilia ziandikwe majina.

9. MPANGO WA MWAKA

Chagueni siku moja ya kila mwezi, kwa mfano Jumamosi ya kwanza, iitwe siku ya mikanju. Tieni kila mti namba kwa chokaa. Nunueni daftari moja, na katibu apige mistari mitano: namba ya mti, jina la mwenyewe, vumbi jipya (ndiyo au hapana), funza waliouawa, fukusi wazima waliokamatwa.

Msione daftari hili ni mchezo wa shule. Baada ya miezi mitatu litawaonyesha ni mti gani unaorudisha wadudu, na kazi itakwenda pale panapohitajika. Tena litatuliza maneno. Mtu akisema "wadudu wametoka kwa fulani," fungueni daftari mtazame.

Siku hiyo hiyo kateni matawi makavu, mpalilie, mfagie chini ya mti. Kazi kubwa ya kukagua ifanyike kabla ya maua kuanza, ili wakati wa kuokota korosho watu wawe na nafasi.

MWISHO WA KISA

Yule mama na jirani yake? Jioni ile ile magogo yote yalibanduliwa magome, na moto ukawashwa. Jirani ndiye aliyeleta shoka. Miti yake mitatu ilitibiwa. Miwili ilipona, wa tatu ulikuwa umezidiwa ukakatwa, safari hii kwa utaratibu. Kikundi kilipanda miche, miwili kwa mama na miwili kwa jirani, na kila Alhamisi kabla ya kufungua daftari la akiba hufungua lile la mikanju. Mnong'ono nao ulikwisha, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amemshika mkosaji kwa mkono wake.

Mkutano sasa hufanyika chini ya mkanju mwingine. Bado mtu huchukua ufagio kabla ya mkeka kutandikwa. Ila siku hizi, kabla hajafagia, huinama akatazama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika miti tunayokutania chini yake, ni nani aliyewahi kulichunguza shina? Tuliona nini tulipotoka leo?

2. Kwa nini haitoshi kuchimba pale vumbi linapotokea?

3. Kuna magogo au viti vya mkanju vyenye gome katika maboma yetu? Tutavifanya nini, na lini?

4. Ni miti ipi kijijini isiyo na mtu wa kuitunza? Nani ataongea na wenyewe, na atakwenda na nani?

5. Je, umewahi kutokea ugomvi au uvumi hapa kwetu kwa sababu ya mti au mnyama aliyekufa? Tungefanya nini tofauti leo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO: Kila mwanakikundi akague miti mitano, yake au ya jirani kwa ruhusa, aje na hesabu. Atakayempata fukusi mzima amlete katika chupa iliyofunikwa, ili kila mtu amwone na kumjua.

Tunawatakia kazi njema.